Uzi: Kuizoea theluji mdogo mdogo kwenye njia fupi, ukitokea Nakuru au Kisumu

Bondeni_Nax

Wadau, hamjambo. Tuko sita, wanne Nakuru na wawili Kisumu. Kreta za Menengai na Longonot tumezizoea. Sasa tunataka theluji, ila mdogo mdogo: njia fupi, kulala usiku mmoja au miwili, bila kamba wala shoka la barafu. Shabaha ni kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mwezi wa Desemba. Mwenzetu mmoja anahamia Ujerumani kwa kazi ya uuguzi na anataka kujua misingi kabla ya Januari kumkuta huko. Tuanzie wapi, tuvae nini, miguuni tuweke nini? Bajeti ni ya mitumba.

Koitobos_Kitale

Karibuni. Kabla ya kununua chochote, pigeni hesabu ya baridi yenyewe. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5. Nakuru mjini ni kama mita 1,850. Alfajiri ikiwa nyuzi 12 hapo mjini, kwenye mita 4,200 tarajieni kama -3, na Lenana, mita 4,985, kama -8. Upepo bado hamjauhesabu. Ukivuma kilomita 30 kwa saa, -5 huhisiwa kama -13 kwenye ngozi iliyo wazi. Bado hiyo ni baridi inayovumilika kwa mtu mkavu. Watu wetu huumia kwa sababu wanaifikia wakiwa wamelowa jasho.

Ngazi yangu ni hii. Kwanza Menengai, lakini si ile ya saa 4 asubuhi na soda mkononi. Chagueni msimu wa mvua, mwende na mwenyeji, mwanze saa 10 alfajiri, kisha mkae ukingoni nusu saa nzima bila kutembea. Ni mita 2,278 tu, ila hapo ndipo mtajua nani ana koti na nani ana pambo.

Pili, Mlima Elgon upande wetu, geti la Chorlim, hadi kilele cha Koitobos, mita 4,222. Theluji huko ni bahati nasibu. Sakitu (umande ulioganda) ya asubuhi na mvua ya mawe ya alasiri ndizo za kawaida. Mvua ya mawe ikitandazika juu ya mwamba huteleza kuliko theluji, kwa sababu ni kama umekanyaga gololi, kwa hiyo ni darasa zuri la kuweka mguu. Onyo: gari la kupanda milima hukufikisha karibu mita 3,500. Mtu wa Kisumu anayeamka mita 1,130, akashushwa huko na kuanza kukwea papo hapo, kichwa kitamgonga kabla ya chakula cha mchana. Laleni getini usiku wa kwanza, wa pili mlale juu zaidi, kilele kiwe cha siku ya tatu.

Tatu ndiyo Lenana, na usiku mmoja au miwili hautoshi. Kwa njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses iko mita 3,300 na ya Shipton's mita 4,200. Kanuni ya kawaida ukishapita mita 3,000 ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na hapo kuna ruko la mita 900. Laleni Old Moses mara mbili, ile siku ya katikati mpande mita 400 au 500 bila mizigo na kurudi. Ni gharama ya siku moja zaidi, na ndiyo siku yenye faida kuliko zote.

Bondeni_Nax

Asante mkuu. Na theluji hasa iko mwezi gani? Picha nyingine ni nyeupe pepe, nyingine ni vumbi tupu.

Koitobos_Kitale

Inaweza kuanguka mwezi wowote, zaidi misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Wengi husahau kuuliza upande. Desemba hadi Machi jua liko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini ndizo hukaa kivulini na kushika barafu. Julai hadi Septemba hugeuka. Sirimon inapanda kutoka kaskazini-magharibi. Ninyi mnaokwenda Desemba, msipange kwa picha ya mtu aliyepita hapo Agosti.

Ziwani_Kisumu

Kwa sisi tunaolala na feni: baridi ya kujaribia vifaa iko jikoni. Friza ya nyumbani hukaa karibu -18, chini ya Lenana ya kawaida. Jazeni chupa mliyokusudia kubeba, maji robo tatu tu ili yakitanuka yasiipasue, muifunike vizuri na kuilaza kichwa chini. Ichunguzeni kila baada ya saa moja. Barafu huanza kushika juu ya maji, kwa hiyo chupa iliyopinduliwa huganda upande wa kitako na mdomo hubaki wazi. Chupa ya mdomo mwembamba huziba mapema. Ule mfuko wa maji wenye mrija wa kunyonyea ndio wa kwanza kufa: mrija huganda wakati mfuko mgongoni ungali maji. Ukishakunywa, puliza maji yaliyomo kwenye mrija yarudi ndani, la sivyo uache nyumbani.

Tochi ya kichwa nayo iingie friza usiku mmoja na betri zake, kisha iwashwe kabla haijapata joto. Betri za kawaida za alkali hushuka mwanga haraka. Za lithiamu zinastahimili. Simu msiiweke friza, tafadhali, mvuke utaingia ndani. Mlimani ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, ikiwa imezimwa data.

Chakula pia. Wekeni chokoleti, kipande cha sukari nguru, njugu karanga na ndizi. Asubuhi jaribuni kuuma. Chokoleti nene ni jiwe, ndizi ni rungu. Njugu na simsim zinaliwa vilevile. Sukari nguru ipondwe kabla ya safari iwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi.

MamaMitumba_Kibuye

Niingilie kwenye nguo, maana ndiko pesa hupotea.

Pamba hapana. Shati la pamba, soksi za pamba, jinzi, wacheni. Pamba ikinywa jasho haikauki, na inabana maji kwenye ngozi ukisimama. Mkifungua bale tafuteni lebo ndani ya mshono wa ubavu: poliesta asilimia 100, au sufu. Lebo ikiwa imekatwa, mwagia pembe ya nguo maji, ikamue kwa nguvu na uipepete mara kumi. Poliesta itakuwa karibu kukauka, pamba itabaki nzito na baridi.

Mwilini ziwe tatu. Ya kwanza inabana ngozi na kutoa jasho nje. Ya pili ni sweta ya manyoya ya sintetiki, nyepesi, yenye zipu shingoni. Ya tatu ni koti jembamba la kuzuia upepo na mvua, liwe kubwa kiasi cha kupita juu ya zote. Halafu kuna ya nne ambayo haivaliwi ukitembea: jaketi nene la kujaa, la kuvaa mkisimama. Yale majaketi ya kuteleza kwenye theluji yanayotoka kwenye mabale ni mazuri kwa kazi hiyo tu. Ukipanda nalo utalowa kwa dakika ishirini.

Koti la mvua lipinduliwe nje-ndani. Ukiona utepe wa mishono umeachia, au bitana inabanduka vipande vyeupe kama mba, rudisha. Hakuna gundi itakayoliokoa. Zipu iliyokwama si tatizo, fundi yeyote wa mtaani hubadilisha kichwa cha zipu. Kila zipu ifungiwe kitanzi cha kamba kirefu kama kidole cha mwisho, ili mkono wenye glavu uweze kuvuta.

Glavu ni jozi tatu kwa mtu: nyembamba ya kufanyia kazi, nene ya mfuko mmoja wa vidole vinne pamoja, na ya akiba iliyo kavu ndani ya begi. Nene ifungiwe kamba mkononi kama ya mtoto. Ikivuliwa na upepo kwenye ukingo hairudi. Kichwani boshori la sufu linaloshuka hadi shingoni.

Mabegi yenu yasiwe na mifuko ya plastiki. Ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa, pamoja na zile chupa za maji za dukani. Mnaweza kurudishwa getini. Fundi awashonee vifuko vya nailoni ya mwavuli, vitano kwa mtu, kila nguo ya akiba kwenye chake.

Bondeni_Nax

Mama, hapo kwa glavu tatu umetuamsha. Sasa miguu. Kijana mmoja ameuliza kama njumu za mpira zinatosha kwenye barafu, maana zina meno. Mwingine anasema gambuti na soksi mbili.

Fundi_Seksheni58

Njumu hapana. Yale meno yametengenezwa kuzama kwenye udongo. Kwenye barafu hayazami, na plastiki yake ikipoa huwa ngumu na yenye utelezi kama sahani. Tena soli ni nyembamba na kiatu kinabana, kwa hiyo vidole vitakufa ganzi mapema. Gambuti ina kasoro nyingine: kisigino kinacheza ndani, na jasho halina pa kutokea. Kwa kulisha ng'ombe Molo asubuhi ya sakitu inatosha. Kwenye mteremko inakuvua yenyewe.

Tafuteni buti linaloshika kifundo, soli yenye makunyanzi ya kina. Jaribuni mkiwa mmevaa soksi ileile ya safari: sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kidole cha shahada kipite nyuma ya kisigino. Soksi nene moja ya sufu inashinda mbili zinazobana. Mguu ukibanwa damu haipiti, na mguu usio na damu hakuna soksi itakayoupasha. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa viatu vinavyokuja kibandani: mtu ana soksi tatu na analalamika baridi.

Juu ya buti ndipo panakuja vijino. Kuna aina mbili, msizichanganye. Maikrospaiki ni raba inayovalishwa kiatu, chini yake minyororo na vijino vya chuma vya kama sentimita moja. Hizi ndizo zenu: theluji iliyoshindiliwa, barafu nyembamba njiani, mteremko wa wastani. Kramponi ina meno 10 au 12 marefu, inadai buti gumu na mafunzo. Mahali panapodai kramponi na shoka, anayeanza anageuka na kurudi.

Namna ya kuvalisha: keti, safisha theluji chini ya soli, ingiza vidole vya mguu kwanza, vuta raba ya kisigino juu hadi ishike nyuma ya buti, kisha hakikisha minyororo haijapinda. Mbele raba ikae juu ya kiatu, isikaribie ukingo. Valisheni mara kumi nyumbani mkiwa na glavu nyembamba. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, rudieni. Kabla ya kukodi, ivute raba kwa nguvu na uitazame kwenye mwanga pale kwenye matundu ya vyuma. Nyufa huanzia hapo, na raba yenye ufa hukatika kwenye baridi.

Vaeni kabla ya mteremko, mahali tambarare. Anayesubiri hadi aanze kuteleza hujikuta akisimama mguu mmoja kwenye barafu akitafuta begi. Theluji mbichi ya saa 4 hushikamana chini na kuwa kama kisigino kirefu. Gonga kiatu kwa fimbo kila hatua chache. Njia ikigeuka mwamba mtupu kwa dakika kumi au zaidi, vueni, maana chuma juu ya jiwe huteleza na hujikwaa.

Na hatua zenyewe: fupi, miguu imeachana upana wa nyonga ili kijino kisishike suruali ya mguu wa pili. Kanyaga nyayo nzima. Kushuka, kunja magoti, pua ibaki juu ya vidole. Mtu akiogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomtoa miguu.

Koitobos_Kitale

Fundi nakubali yote, ila niseme: siku nyingi Lenana hupandwa bila vijino kabisa. Waongozaji wengi hawavibebi.

Fundi_Seksheni58

Siku nyingi, ndiyo. Ile siku moja ambayo maji yaliyoyeyuka mchana yameganda usiku juu ya mwamba karibu na kilele, pale penye vyuma vya kushikilia, ndiyo ninayoizungumzia. Jozi moja haifiki nusu kilo. Ulizeni Shipton's jioni kwa waliotoka juu siku hiyo. Wakisema kukavu, viacheni kambini.

Koitobos_Kitale

Hapo tumepatana. Saa ya kuondoka nayo ina ubishi. Desturi ni kutoka Shipton's saa 8 au 9 usiku ili kulipata jua kileleni saa 12 na nusu. Kwa wanaoanza naona ni mapema mno. Ukifika saa 11 na nusu utasimama saa nzima kwenye upepo, na theluji wakati huo ni ngumu kama saruji. Tokeni saa 10 na nusu. Jua litawakuta njiani, mtaona mnapokanyaga, na mtafika kabla theluji haijawa uji. Ila mwe mmeanza kushuka saa 3 asubuhi, mawingu kwa kawaida hupanda kabla ya adhuhuri. Saa ya kugeuka ipangwe jioni iliyotangulia, mkiwa mmeshiba na akili zimetulia.

Mwendo nao: ondokeni kambini mkisikia baridi kidogo. Aliyeanza akiwa na joto zuri amevaa kupita kiasi. Baada ya dakika 10 simameni wote, kila mtu avue kitu kimoja, hata yule anayesema yuko sawa. Mkipumzika, jaketi nene livaliwe kabla ya kufungua thamosi, wakati joto bado lipo la kulitunza. Mapumziko dakika 5, si 20. Kula vichache kila dakika 45.

Muuguzi_Kakamega

Nina mawili matatu ya afya.

Mwili kupoa kupita kiasi huanza joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35. Dalili za kwanza mwenyewe hazioni: anajikwaa, anaangusha vitu, maneno yanavutika, anakuwa mkali au kimya ghafla. Mpeni kazi ya kufunga zipu yake. Akishindwa, safari ya kupanda imekwisha. Mvueni kilicholowa, mvalisheni kikavu, mkalisheni juu ya begi na si juu ya ardhi, apewe chai tamu vuguvugu kama anaweza kumeza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, hiyo ni hatari kubwa. Alazwe, asitembezwe kwa nguvu, na msaada uitwe.

Pombe marufuku, hata ile "kidogo ya kupasha". Inapanua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto wakati joto lake linatoka nje.

Kidole kikiwa cheupe na ganzi, kiweke kwapani au tumboni kwa mwenzako. Msikisugue, na msikipake theluji kama wanavyosema wazee wa mtandaoni. Kikiwa kigumu kama nta msikiyeyushe njiani ikiwa kitaganda tena. Shukeni hospitalini.

Ugonjwa wa mwinuko hufanana na huko kupoa. Kichwa kinauma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida: usipande zaidi hadi kiishe. Akiyumba anapotembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, au anahema akiwa ameketi, ashuke mara moja, hata kama ni usiku. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, dozi ya kinga iliyozoeleka ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla. Muone daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo.

Macho: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma. Miwani nyeusi iliyoziba pembeni, na mafuta ya kukinga jua hadi chini ya pua na kidevu. Weusi wa ngozi hauikingi midomo isipasuke wala mboni isiungue.

Mluhya_Bavaria

Huyu anayekuja huku Ujerumani, ni ulimwengu mpya kabisa. Mwinuko si tatizo, vilima vya kuanzia ni mita 1,000 hadi 1,500. Mchana ndio tatizo. Mwishoni mwa Desemba jua huzama Munich karibu saa 10 na dakika 25 jioni. Sisi tuliozoea saa 12 na nusu mwaka mzima hushikwa na giza msituni. Ahesabu kutoka machweo kurudi nyuma, aweke saa mbili za akiba, hiyo ndiyo saa ya kuwa mwisho wa njia. Dakika zilizoandikwa kwenye vibao vya manjano ni za kiangazi. Kwenye theluji inayofika kifundoni azizidishe kwa moja na nusu, ikifika magotini aache.

Aanze na njia zenye bango la Winterwanderweg, yaani njia ya kutembea majira ya baridi. Hizo hushindiliwa kwa mashine. Dukani aulize Grödel, ndizo maikrospaiki za hapa.

Poromoko la theluji ni jambo ambalo Lenana haikufundishi. Mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Asome taarifa ya hatari ya siku hiyo, ngazi ni 1 hadi 5, na asidhani 2 ni salama. Kosa la wageni ni kupima mteremko wanaokanyaga na kusahau ule ulio juu yao. Unaweza kutembea tambarare kabisa chini ya ukuta ulio tayari kuporomoka. Namba ya dharura ni 112.

Bondeni_Nax

Tumenakili yote. La mwisho: kwa watu sita, kipi kinabebwa cha pamoja?

Koitobos_Kitale

Turubai jepesi la mita 3 kwa 3, watu sita huketi chini yake migongo ikigusana. Mkeka mmoja wa povu. Thamosi mbili za lita moja, zisuuzwe kwa maji ya moto kabla ya kujazwa. Tochi ya akiba na betri zake. Jozi mbili za glavu nene zaidi ya zile tatu za mama, kubwa kuliko mkono wa yeyote kati yenu, kwa sababu mkono uliokufa ganzi kwa baridi hauingii kwa urahisi kwenye glavu ya saizi yake. Na mtu wa mwisho kwenye mstari awe ndiye mwenye nguvu kuliko wote, begi la pamoja liwe kwake.

Fundi_Seksheni58

Na mkirudi, vijino visikaushwe kando ya jiko. Vifutwe, vipakwe mafuta kidogo kwenye chuma, raba isiguswe na mafuta.